Mbegu ipi ya mikunde ununue kama shamba lako limechoka

Ukiulizia mbegu ya mikunde dukani, muuzaji atakuelekeza kwenye yenye soko. Mimi nimezipanga kwa kuangalia mavuno yakishatoka, udongo unabaki na nini. Nimemlenga mkulima wa mahindi wa Tanzania mwenye mvua za wastani.

1. Mbaazi. Chukua ya muda mrefu, kama aina ya Mali. Ipande siku moja na mahindi. Mwanzoni hukua polepole, kwa hiyo haigombani nayo. Mahindi yakishavunwa ndipo inapanuka. Mzizi huzama na kupasua tabaka gumu lililoachwa na jembe la ng'ombe, na majani yenye naitrojeni, kirutubisho kinachokuza mimea, hupukutika mpaka ardhi inafunikwa. Miti yake ni kuni. Kasoro zake ni mbili. Ya kwanza ni mifugo: kijiji kinachofungulia mbuzi baada ya mavuno ya mahindi hakitakubakizia kitu. Ya pili ni soko, linaloitegemea sana India. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa kuagiza, bei yetu ilianguka vibaya.

2. Ngwara, ambayo wengine huiita fiwi na Wakenya njahi. Hutambaa, hufunika ardhi na kubana magugu. Kwa udongo pekee ingeshindana na mbaazi. Tatizo ni kuipata mbegu yake madukani.

3. Kunde. Mvua ikiwa haba, anza na hii. Mboga unachuma mapema, na aina za muda mfupi hukomaa ndani ya siku 60 hadi 80.

4. Choroko na dengu. Choroko ni ya haraka na ina pesa. Dengu ni ya udongo mweusi wa mbuga, kama kule Shinyanga, ambako hupandwa mvua zikiisha na kuishi kwa unyevu uliobaki.

5. Maharage. Najua nitabishiwa. Ni chakula kizuri, lakini katika kutengeneza naitrojeni ni dhaifu, na wengi hung'oa shina zima na kwenda kulipiga nyumbani. Maganda na mabua yasiporudi shambani, hujarutubisha chochote.

Soya sijaipa namba. Aina nyingi zinahitaji mbegu ichanganywe na bakteria wake, wale wanaoisaidia kutengeneza naitrojeni, kabla ya kupanda, hasa shamba ambalo halijawahi kulimwa soya. Bila bakteria hao, usiinunue kwa ajili ya udongo.

Kabla ya kulipa, tafuta lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na usome tarehe. Mbegu ya kunde au choroko ikiwa na tundu la mviringo au vidoa vyeupe vilivyogandia kwenye ganda, hayo ni matundu na mayai ya fukusi, irudishe. Mimea ikianza kutoa maua, chimbua mmoja taratibu na upasue vinundu vya mizizi, ndimo bakteria wanamotengenezea naitrojeni: ndani vikiwa vya rangi ya waridi, vinafanya kazi. Vikiwa vyeupe au kijani, naitrojeni hakuna.