Kauri za kale za Kijapani: kipi ununue kwanza

Anayeanza kukusanya kauri za kale za Kijapani huvutwa na mitungi mikubwa iliyojaa dhahabu. Ipite. Fedha yako ya kwanza iende kwenye kikombe kidogo.

Kikombe hicho huitwa soba choko. Hakina mkono, na hujulikana zaidi kwa kutilia mchuzi wa kuchovyea tambi za soba. Vilitengenezwa kwa wingi Arita, kisiwani Kyushu, katika karne ya 18 na ya 19, ndiyo maana mtu wa kipato cha kawaida bado anavimudu. Changu kina nakshi ya buluu inayojikunja kama minyiri ya pweza, na Wajapani nao huiita kwa jina la pweza. Ukikipindua, ukingo wa kitako hauna mng'ao, yaani lile tabaka la kioo linalofunika chombo, unakwaruza kidole, na chembe za mchanga wa tanuri zimeganda pale. Mstari wa brashi unaanza mnene, unaishia mwembamba kama unywele. Mkono ukishazoea kikombe cha namna hii, cha kughushi utakitambua kabla hata hujajua kwa nini. Kwangu hiki ni cha kwanza bila kusita.

Cha pili ni sahani za inban za enzi ya Meiji (1868–1912), ambazo nakshi yake ilipigwa chapa badala ya kuchorwa. Wapo wanaozidharau. Mimi nazipenda hasa pale karatasi mbili za chapa zilipokutana vibaya, ua likakatika nusu. Hapo unamwona fundi aliyekuwa na haraka. Bei yake ni ndogo, na nyingi ni imara.

Tatu, Imari. Jina ni la bandari tu: vyombo vilifinyangwa Arita, vikapakiwa melini Imari. Vita vya kuanguka kwa utawala wa Ming vilipokwamisha biashara ya kauri za China, Waholanzi wa VOC, kampuni yao ya biashara ya Mashariki, waligeukia Japani, na mwaka 1659 wakatoa oda kubwa. Vyombo vya wakati huo ni ghali. Vya karne ya 19, vyenye buluu, nyekundu na dhahabu, vinafikika, lakini chunga dhahabu. Niliwahi kulipia sahani iliyong'aa kuliko umri wake. Nyumbani nikaisugua taratibu, dhahabu ikanibaki kidoleni. Ilikuwa imepakwa upya. Dhahabu ya kale ilichomwa tanurini: hufifia pale mikono iliposhika miaka mingi, haibanduki kwa kusugua mara moja.

Nne, Kutani, kauri za eneo la Kaga. Vyekundu vya karne ya 19 vinapendeza, ila vya karne ya 20 ni vingi na huuzwa kama vya kale, kwa hiyo subiri jicho likomae.

Kakiemon, vya ukoo wa wafinyanzi wa Arita, na Nabeshima, vya watawala wa jimbo hilo, naviweka mwisho, ingawa kwa uzuri ndivyo vya kwanza. Weupe wa Kakiemon ni wa maziwa, na mchoraji aliacha nafasi tupu bila woga. Nabeshima ilikuwa ya zawadi kwa shoguni, mtawala wa kijeshi wa Japani, na wakubwa, haikuuzwa sokoni; kitako chake kirefu mara nyingi kimezungushiwa nakshi ya meno ya kitana. Mtindo wa Kakiemon ulinakiliwa hata Ulaya, katika kiwanda cha Meissen cha Ujerumani kwa mfano, tangu karne ya 18. Usinunue bila dhamana ya maandishi.

Satsuma, vyombo vyenye jina la jimbo la kusini mwa Kyushu, nimeiacha makusudi: nyingi si kauri, ni udongo wa rangi ya krimu wenye nyufa ndogondogo kwenye mng'ao.

Kabla ya kulipa, gonga ukingo kwa kucha. Mlio mbutu mara nyingi ni ufa uliojificha. Vidoti vidogo chini ya sahani ya Arita si kasoro, ni alama za vigingi vilivyoizuia isibonyee tanurini. Neno «Nippon», yaani Japani, kwa herufi za Kilatini kwa kawaida ni la baada ya sheria ya forodha ya Marekani ya 1890. Tangu 1921 Marekani ilidai liandikwe «Japan». Chombo chenye mojawapo ya maneno hayo hakiwezi kuwa cha karne ya 18, hata muuzaji aape. Na ukinunua mtandaoni, omba picha ya kitako kwanza. Ya maua itafuata.