Gata la bati au la plastiki kwa nyumba ya pwani?

Kwa nyumba iliyo karibu na bahari, iwe Tanga, Bagamoyo au Kigamboni, mimi nachagua gata, yaani mfereji wa maji ya mvua ukingoni mwa paa, la plastiki ya PVC. Bati la zinki ni gumu, na fundi hulikunja hapo hapo uwanjani, lakini hewa ya chumvi hulila haraka. Angalia pale lilipokatwa kwa mkasi na kwenye matundu ya misumari: kutu huanzia hapo, halafu maji yanachuruzika kwenye fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa unaoshikilia gata, mpaka mbao inaoza.

Plastiki haishiki kutu. Adui yake ni jua. Kipande cha mita 4 hurefuka takriban milimita 7 joto lake likipanda kwa nyuzi 30, kwa hiyo fundi akikibana bila kuacha nafasi kwenye maungio, kitapinda au kuvuja. Vishikio navyo viwe karibu karibu, visipishane zaidi ya mita moja, maana gata la plastiki likijaa maji ya masika hulegea katikati.

Bara, kwa mfano Dodoma, hakuna chumvi ya bahari; huko sioni sababu ya kulikimbia bati. Popote ulipo, toa kwanza fishabodi iliyooza, na mpya uipake rangi pande zote kabla ya kufunga gata.