Maua ya Jamii ya Alizeti Yanayojiotea: Ununue Miche Ipi kwa Bustani ya Malindi?

Anayefika kwenye vitalu vya kando ya barabara mjini Malindi kwa kawaida huchagua mche kwa kuliangalia ua lililochanua siku hiyo. Kwa maua ya jamii ya alizeti yanayojiotea, uchaguzi wa namna hiyo humpotosha mnunuzi, kwa sababu mengi kati yake hayaishi zaidi ya miaka miwili au mitatu, ilhali faida yake kubwa imo katika maotea, yaani miche inayochipua kutokana na mbegu zilizodondoka bila kupandwa na mtu. Kwa hiyo nimeipanga mimea hii kwa kigezo kimoja tu: uwezo wake wa kuzaa maotea katika mchanga wa pwani, penye jua la Kaskazi na upepo wenye chumvi.

Nafasi ya kwanza ni ya gailadia, na sioni mshindani wake wa karibu. Asili yake ni bara la Amerika, na mojawapo ya aina zake huota yenyewe katika vilima vya mchanga vya pwani ya kusini mwa Marekani, kwa hiyo joto, chumvi na udongo usio na rutuba ni mambo iliyoyazoea tangu hapo. Ua lake ni jekundu lenye ncha za manjano, na ukilisogeza karibu na macho utaona kwamba kile tunachokiita ua moja ni mkusanyiko wa vijiua vingi vilivyobanana katikati, kila kimoja kikiwa na uwezo wa kutoa mbegu moja. Petali zikishadondoka hubaki tufe dogo lenye manyoya. Likikauka, ulisugue kwa vidole, nazo mbegu zitaachia zikiwa na vimagamba vyembamba vinavyozisaidia kupeperushwa. Usikate matufe hayo yote kwa kutaka bustani ionekane nadhifu. Mwulize muuzaji kama gailadia yake ni ile ya mwaka mmoja au ni chotara: ya kwanza huzaa maotea kwa wingi, na ya pili huishi zaidi, ingawa watoto wake hutofautiana na mama kwa rangi na kimo. Zote mbili hazipendi maji yanayotuama, na samadi nyingi huzifanya ziote majani tele kwenye mashina malegevu yanayolala upepo ukivuma.

Ya pili ni gazania, mmea mfupi ambao aina yake moja hufunika mchanga wa ufukweni Afrika Kusini na kusini mwa Msumbiji. Inawafaa sana wenye nyumba zinazotazama bahari moja kwa moja. Maua yake hujifunga jioni na siku za mawingu, kwa hiyo nenda kitaluni mchana wenye jua, usije ukaikataa miche mizuri ukidhani imenyauka. Ligeuze jani: aina nyingi zina utando mweupe upande wa chini. Udhaifu wake hujitokeza katika mvua kubwa za mwezi wa Mei, wakati shina linapooza pale linapogusana na udongo, ndiyo maana naiweka chini ya gailadia. Ipande juu ya tuta la mchanga uliochanganywa na kokoto. Kusini mwa Australia imegeuka gugu, basi isipandwe nje ya ua wa nyumba, karibu na mimea ya asili ya ufukweni.

Koreopsi ya manjano hushika nafasi ya tatu. Hujiotea kwa nguvu nyingi kiasi kwamba Japani ilipiga marufuku kilimo na uuzaji wa aina yake mojawapo mwaka 2006. Kwetu inawafaa walio mbali kidogo na bahari na wenye maji baridi ya kumwagilia, kama yale ya mfereji yanayotoka Baricho, kuliko wanaotegemea kisima chenye chumvi. Rudibekia hukaribiana nayo, lakini huhitaji maji zaidi.

Jebera ina ua kubwa la kuvutia kuliko zote nilizozitaja, nayo haijiotei kwa kutegemewa. Inunue kwa ajili ya chungu, kitovu chake, yaani pale majani yanapochipukia, kikae juu ya udongo. Ile deizi nyeupe ya Shasta, iliyotolewa na mzalishaji wa mimea Luther Burbank kule California mwaka 1901, inataka baridi, na pesa zako zitakuwa zimepotea. Wedelia, ile ya manjano inayotambaa, usiinunue kabisa: haienezwi sana na mbegu, bali hutambaa na kutia mizizi kila kifundo kinapogusa ardhi, na imo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani.

Ukishaamua aina, chagua mche wenye vitumba badala ya ule uliochanua. Mwombe muuzaji autoe mmoja kwenye mfuko wake uione mizizi: iwe myeupe, isiwe imejizungusha chini, wala isiwe na vinundu, kwa maana vinundu ni dalili ya minyoo fundo, na minyoo hiyo hustawi katika mchanga. Miche iliyoletwa kutoka bara au iliyokuzwa chini ya kivuli izoezwe jua kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja. Kwa nafasi ya sentimita 30, mita moja ya mraba huchukua miche 9, nawe huna haja ya kununua zaidi ya hiyo, kwa kuwa sehemu iliyobaki itajazwa na maotea.

Wakati bora wa kununua ni Juni na Julai, masika yanapopungua na ardhi ingali na unyevu. Miche itapata miezi ya Kusi kutia mizizi, ichanue, na mbegu za kwanza zidondoke kabla ya mvua za vuli za Oktoba na Novemba, ambazo ndizo zitakazoziotesha. Acha sehemu za udongo wazi, bila matandazo mazito. Hatari iliyobaki ni fagio la chelewa, kwa sababu uwanja unaofagiliwa kila asubuhi haubakizi mbegu hata moja. Zungushia kitanda cha maua mstari wa mawe ya matumbawe, na umwonyeshe anayefagia na anayepalilia jani changa la gailadia, lenye vinyweleo na rangi ya kijani iliyofifia, ili asiling'oe pamoja na magugu.