Glavu ya besiboli ya mtumba, Karume: nyota nne kati ya tano

Nimeulizwa sana glavu ninayochezea siku hizi nimeitoa wapi maana kwa kuiangalia unaweza kudhani nimeletewa na ndugu wa nje, sasa jibu ni soko la Karume, Ilala, elfu kumi na tano, na ingekuwa elfu ishirini na tano kama muuzaji asingeona haya.

Jamaa anauza viatu na mabegi, belo kalifungua asubuhi hiyohiyo, glavu imetupwa katikati ya mikoba ya kina mama. Nikaishika, nikauliza bei, akasema ishirini na tano, halafu akainama kutafuta ya pili yake. Akachakura weee, akamuita na mdogo wake wakachakura wote. Mwisho akasema "broo, ya pili siioni, we nipe kumi na tano tu yaishe". Nikatoa hela nikakunja kona. Kwa wasiojua, glavu ya besiboli haina ya pili, unavaa mkono mmoja na ule mwingine ndo wa kurushia, lakini mambo ya kumuelimisha mtu yanasubiri chenji itoke kwanza 😂

Haya tuje kwenye mzigo wenyewe. Ni Mizuno, kampuni ya Japani, ngozi ya ng'ombe halisi, inchi 11.75, saizi ya sisi tunaocheza ndani karibu na beisi, vile vituo vya kukimbilia (wa nje kule mbali wanataka kubwa zaidi, 12.5 hivi). Ni ya kuvaa mkono wa kushoto, yaani mrushaji anatumia kulia. Pembeni ya kidole gumba kuna herufi za Kijapani zimeandikwa kwa maka pen, zimefifia, nadhani jina la mwenye nayo wa kwanza. Na huyo mtu alikuwa anajua kudaka, nakwambia. Ukiikunja inafunga palepale inapotakiwa kufunga, kati ya gumba na kidole cha shahada, shimo limeshakaa, ngozi imelegea pale tu na kwingine kote bado ngumu. Hiyo kazi kwa glavu mpya ya ngozi unaifanya mwenyewe miezi na miezi, unapaka mafuta, unaweka mpira ndani unafunga na tyubu ya baiskeli unalalia, na bado wiki za mwanzo mipira inakudondoka.

Ndo maana huwa nawaambia madogo waachane na zile mpya za mtandaoni. Kuna duka moja, silitaji, nililipia glavu ikaja imeandikwa ngozi, kuigusa tu plastiki, ukidaka inalia pwata kama kandambili na kiganja kinawaka moto. Mpira wa besiboli si wa rede jamani, ule una gramu 142 mpaka 149, mgumu, una mishono 108 ya uzi mwekundu, ukitua nje ya shimo la glavu utaikumbuka hiyo siku ukiwa unakunja ugali. Hii ya Karume ikidaka vizuri inatoa mlio mmoja mzito, paa!, mpaka waliokaa ukutani wanageuka. Mimi huo mlio tu unanitosha. Nimecheza huu mchezo tangu shule, nikaanza kazi, nikaoa, kitambi kikaja, magoti yakaanza kugoma, na Jumamosi bado utanikuta Upanga pale uwanja wa Azania na watoto wanaoniita anko. Mke wangu mpaka leo anauliza mpira gani huo hauna goli. Wapita njia wao wanajua ni kriketi, nimeshaacha kubishana. Wajapani ndo walioutia nguvu huu mchezo huku kwetu, hata mashindano yetu yakaitwa Koshien, jina la ule uwanja wao wa 1924 ambao wanafunzi wa Japani wanalilia kuufikia, kwa hiyo glavu ya Mjapani kuishia Ilala mi naona imekuja kwa ndugu.

Nyota niliyokata ni ya kamba. Kamba za ngozi kwenye vidole zilikuwa zimekauka, siku ya kwanza tu ikakatika moja, kidole kikawa kinacheza. Nikampelekea fundi viatu wa mtaani kwetu, kaigeuzageuza, kauliza hii ya kufanyia nini, kisha bila maneno mengi kachukua mkanda wa ngozi wa mtumba kauchana nyuzi za upana wa kama milimita tano, kapitisha kwa shazia tundu moja baada ya jingine kwa kufuata njia ya kamba ya zamani. Elfu nne. Mpaka leo imekaza. Msikubali afunge kwa nailoni, inakata ngozi.

Mkienda kununua: pindueni, nuseni ndani (ikinuka ukungu iacheni, kwa joto na unyevu wa hapa Dar haitapona), angalieni upande wa gumba mjue ya mkono gani, na pale sokoni usitamke neno besiboli kabisa, sema unataka ya mtoto kuchezea. Kutunza, mafuta ya mgando kidogo mno, ukizidisha inakuwa nzito, na ikilowa anika kivulini.

Halafu atakayeona ya kuvaa mkono wa kulia aniambie haraka nitamrudishia hela yake, kuna dogo pale kwetu anarusha kwa kushoto, mkono wa hatari kweli, ila anadaka na glavu ya kuazima aliyoivaa kinyume na gumba linaishia kwenye tundu la kidole cha mwisho.