Apu ya kubadilisha vipimo vya kale: naipenda, ila stadia yake inapotosha

Nimekaa na hii apu miezi minne sasa, nafundisha historia kidato cha kwanza huku Tanga, na nimeona niandike maana watu wanaisifia tu eti ina vipimo vingi. Vingi ni kweli. Ukiweka kilomita inakupa stadia, yaani kipimo cha umbali cha Wagiriki wa kale, maili ya Kirumi, dhiraa ya kifalme ya Misri, parasang ya Waajemi, yote bila bando, na hata kwenye simu yangu ya zamani haigandi. Kwa hapo nawapongeza kabisa.

Shida ilianza tulipofika kwenye Periplus, kile kitabu cha karne ya 1 cha mabaharia wa Kigiriki kinachotaja Rhapta, mji wa biashara wa kale huku pwani yetu, na kisiwa cha Menuthias, wanasema kisiwa kiko kama stadia 300 kutoka bara. Watoto wakataka kilomita ili tubishane vizuri kama ni Unguja, Pemba au Mafia, nikaandika 300, ikatoa 57.681 papo hapo, nikaiandika ubaoni na desimali zake zote. Usiku roho haikutulia nikakaa na kalamu, kumbe wanatumia stadia ya uwanja wa Olimpia, mita 192.27, na hawajasema popote! Wakati stadia zilikuwa nyingi: ya Delphi ni mita 177.55, ile inayotumika zaidi ni kama mita 185 na 8 kati ya hizo ndio maili 1 ya Kirumi, na wapo wataalamu wanaoshikilia 157.5. Kwa hiyo 300 zile zile zinaweza kuwa km 47 au karibu 58, na mwenye kitabu mwenyewe kasema "kama", anakadiria akiwa baharini, sasa desimali tatu zinatoka wapi?

Umbali ukiwa mkubwa ndio balaa. Eratosthenes, mtaalamu wa Kigiriki wa kale, alipata mzunguko wa dunia stadia 250,000. Kwa hii apu hiyo ni km 48,067 na mwanafunzi anaondoka anaamini mzee wa watu alikosea vibaya sana, lakini ukishika 157.5 unapata km 39,375, na mzunguko wenyewe kupitia ncha za dunia ni km 40,008. Kipimo ulichochagua ndicho kinachomfanya mtu aonekane hodari au mbabaishaji, sasa unanificha kipimo?

Kingine, farsakh, kile kipimo cha umbali cha vitabu vya dini, haimo. Sisi tunaoihitaji kwa kupunguza swala safarini, farsakh 16, yaani maili 48 za vitabuni, ukizitia kwenye maili ya apu unapata km 77.2 kwa sababu ile ni maili ya Kiingereza, na masheikh wengi wanataja 80 na ushee kwenda juu. Mtu anaweza kupunguza swala bure hapo. Nimewaandikia mara mbili, kimya.

Kilichonifanya nisiifute ni sehemu ya kuongeza kipimo chako mwenyewe, hii wameipatia kweli. Niliingiza pima, mikono 4, kama mita 1.83. Baba alikuwa mvuvi, akitia bildi, ile kamba yenye uzito ya kupimia kina, anavuta kamba anafungua mikono kifua wazi, moja, mbili, tatu, anakwambia hapa pima saba, na sasa darasani nikisema kilomita moja ni kama pima 547 watoto wanasimama wanafungua mikono wenyewe wanaanza kuhesabu ukuta kwa ukuta.

Nyota tatu kati ya tano. Ukiipakua, kabla hujabadilisha chochote ingiza stadia zako tatu, 157.5, 185 na 192.27, kila moja na jina lake, halafu ubaoni andika "kati ya hapa na hapa".