Ushauri Nasaha kwa Wanafunzi Wageni: Muhula Mmoja katika Sekondari ya Mwanza

Sekondari hii ya binafsi, iliyoko upande wa Ilemela karibu na ziwa, huwapa wanafunzi waliotoka nje ya nchi saa moja ya ushauri nasaha kila wiki bila kuongeza ada. Nimeifuatilia huduma hiyo muhula mzima kupitia mtoto wa shemeji yangu, aliyeondoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, mji huo ulipotekwa na waasi wa M23 Februari 2025, na ninaisifu kwa moyo mweupe, isipokuwa jambo moja lililoniudhi.

Kijana alipoanza shule aliumwa tumbo kila Jumatatu alfajiri. Tulimpima malaria, tukampima na minyoo, kote hakukuonekana kitu. Mshauri ndiye aliyegundua, baada ya wiki tatu za kuzunguka naye uwanja wa mpira badala ya kumkalisha ofisini, kwamba Jumatatu ndiyo siku ya darasa lake kusoma habari mbele ya paredi, na kwamba zamu yake ya kwanza alitamka “batoto” badala ya “watoto”, shule nzima ikaangua kicheko. Sisi Wasukuma, tunavyochanganya “l” na “r”, tungepaswa kuwa wa mwisho kumcheka mtu. Nyumbani tulidhani kinachomsumbua ni milio ya risasi tu. Kumbe, wakati ule, kilichomnyima usingizi zaidi kilikuwa Kiswahili chake. Tena watu husahau kwamba Mkongo huyu alisomeshwa kwa Kifaransa, ilhali sekondari zetu hufundisha kwa Kiingereza.

Mshauri hakumlazimisha kusimulia vita. Alimwomba mwalimu wa Kifaransa amsaidie hesabu kwa majuma kadhaa, akazungumza na darasa kuhusu Kiswahili cha Bukavu bila kumtaja mtu, na akanieleza wazi kwamba yeye hatoi dawa: hali ikizidi, angetuandikia barua ya kwenda idara ya afya ya akili pale hospitali ya Bugando. Hatukufika huko.

Kasoro ni usiri. Chumba cha ushauri kilitenganishwa na ofisi ya walimu kwa plaiwudi tupu, na majina ya wenye zamu hubandikwa kwenye ubao wa matangazo, yakasomwa na kila apitaye. Nililalamika. Chumba kimehamishiwa iliyokuwa maktaba, lakini nilipopita Ijumaa karatasi ilikuwa bado ubaoni, na jina la kijana wangu lilikuwa la pili kutoka juu.