Uzoefu wangu: homa ya kupe, kliniki yenye hadubini na kidonge cha kuzuia kupe

Nimefuga mbwa Dar es Salaam kwa muda mrefu. Kama kuna huduma moja ambayo ningemwomba kila mfugaji ailipie hata kwa kujibana, ni kipimo cha damu. Damu itazamwe kwanza, ndipo dawa ichaguliwe. Nasema hivi baada ya Chui, mbwa wetu wa ulinzi, chotara wa jamani shepadi na mbwa wa kienyeji, kuugua homa ya kupe mpaka watu wa nyumbani wakaanza kukata tamaa. Nitaeleza kliniki tuliyoitumia, matibabu aliyopata, na kidonge cha kuzuia kupe anachopewa sasa. Kliniki sitaitaja jina, kwa sababu nina mengi ya kuisifu na machache ya kuilalamikia.

Ilianza kwa kuacha chakula. Mbwa akikataa mlo mmoja sishtuki, joto la Dar peke yake linatosha kumkata hamu. Lakini Chui aliacha hata kuinuka geti likigongwa, na hilo hakuwa amewahi kulifanya. Alipokojoa kwenye saruji nikaona mkojo umekolea kama chai ya rangi. Nikamfunua mdomo: ufizi ambao kwa kawaida ni wa waridi ulikuwa umepauka kabisa. Wafugaji wa ng'ombe wanaijua dalili hii ya mkojo mwekundu. Kwa mbwa ina maana ileile, kwamba chembe nyekundu za damu zinapasuka na rangi yake inatokea kwenye figo.

Mtaani kwetu mbwa akiugua huitwa kijana mwenye begi, anayezunguka na pikipiki nyumba hadi nyumba. Begi lake lina oksitetrasaiklini, multivitamini na ivermektini, na mara nyingi mbwa huchomwa zote kwa mkupuo. Kijana aliyekuja kwetu alimtazama Chui ufizi, akalifunga begi bila kutoa hata bomba moja. "Mama, huyu hana damu," akaniambia. "Nikimchoma hapa nitakula hela yako bure. Mpeleke akapimwe, na iwe leo." Ninamheshimu sana kwa maneno yale. Oksitetrasaiklini ina kazi yake kwenye baadhi ya magonjwa ya kupe, lakini kimelea kilichokuwa kikimmaliza Chui haikiwezi, na kila saa iliyopita ilikuwa inampunguzia damu.

Usafiri ni dharura nyingine ambayo wenye mbwa wa Dar wanaijua. Daladala haiwezekani, na madereva wa teksi za mtandaoni wengi wakiona mbwa wanafuta safari. Dereva wa bajaji wa kijiweni kwetu alikubali kwa sharti kwamba tutandike turubai zito na mate ya mbwa yasiguse kiti, kwa ajili ya udhu wake. Sharti la haki kabisa. Tangu siku hiyo turubai linakaa nyuma ya mlango, na namba yake ipo kwenye simu ya kila mtu nyumbani. Ukifuga mbwa, panga mapema nani atakubebea mgonjwa usiku.

Kliniki yenyewe ni nyumba ya kawaida yenye vyumba vichache. Ina daktari wa mifugo aliyesajiliwa, hadubini juu ya meza, kimashine cha kuzungusha damu na friji ya dawa. Nataja vifaa kwa sababu ndivyo vilivyomwokoa Chui. Daktari alianza na kipimajoto: nyuzi 40.3, wakati mbwa mzima huwa kati ya 38.3 na 39.2 hivi. Akaubonyeza ufizi kwa kidole. Kwa mbwa mwenye afya rangi hurudi ndani ya sekunde mbili, lakini wa Chui ulikuwa mweupe kabla na baada. Kisha akatoboa ncha ya sikio na kuchukua tone dogo la damu. Nilimuuliza kwa nini sikio na si mguu. Akanieleza kuwa chembe zilizobeba Babesia, kimelea cha damu kinachoenezwa na kupe, huelekea kunasa kwenye mishipa midogo kabisa, kwa hiyo damu ya sikio humwonyesha kimelea hata pale damu ya mshipa mkubwa inapomficha.

Alipaka damu kwenye kioo, akaitia rangi, akaitazama, kisha akaniita. "Njoo uone mwenyewe, mama." Ndani ya chembe nyekundu kulikuwa na vidudu viwili viwili vilivyochongoka upande mmoja. Nimelipia matibabu mengi ya mbwa maishani mwangu, lakini ile ilikuwa mara ya kwanza kuonyeshwa adui kabla ya kuambiwa bei ya dawa. Kimashine nacho kikatoa PCV, yaani asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu. Mbwa mzima huwa kati ya 37 na 55. Chui alikuwa na 13.

Kwa kiwango hicho dawa peke yake haitoshi, kwa sababu mbwa anaweza kufa kwa kukosa hewa mwilini wakati dawa inaendelea kufanya kazi yake. Ilibidi aongezewe damu. Sikujua kama mbwa huongezewa damu, na nadhani wengi hawajui. Mbwa wana makundi ya damu kama sisi, ila kwa kawaida hawazaliwi na kinga kali dhidi ya kundi la mwenzao, ndiyo maana damu ya mara ya kwanza mara nyingi hupokelewa vizuri. Hata hivyo daktari alichanganya kwanza matone ya mchangiaji na ya mgonjwa kuona kama yanagandana. Mchangiaji alikuwa mbwa mkubwa wa jirani yetu wa nyumba ya pili, ambaye alimleta mwenyewe bila kuuliza swali la pili. Naye alipimwa kwanza, kwa sababu kumpa mgonjwa damu yenye vimelea vya kupe ni kumrudisha alikotoka. Damu iliingia polepole sana nusu saa ya kwanza, daktari akiwa amekaa pale pale anasikiliza moyo na kuangalia kama uso unavimba. Mfuko unatakiwa uishe ndani ya saa 4, na uliisha.

Dawa ya Babesia inaitwa imidokabu, sindano ya msuli. Inauma na inaweza kumfanya mbwa atokwe mate mengi na kutapika, kwa hiyo huanza atropini kupunguza madhara hayo. Ikarudiwa baada ya siku 14. Kipimo cha haraka kilionyesha pia kingamwili dhidi ya Ehrlichia, bakteria anayeenezwa na kupe, ishara kwamba alikuwa ameambukizwa nayo, na chembe sahani za Chui, zile zinazogandisha damu, zilikuwa chini. Daktari alikuwa na wasiwasi zaidi kwa sababu ya ile nusu ya jamani shepadi. Aina hiyo Ehrlichia huizidia kuliko mbwa wengi. Ugonjwa huu ulitambuliwa Algeria mwaka 1935, na wakati wa vita vya Vietnam uliua mbwa wengi wa jeshi la Marekani, jamani shepadi wakiwamo. Tiba yake ni doksisaiklini kwa siku 28. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, maana mbwa anachangamka ndani ya siku chache na vidonge vinabaki kabatini.

Vidonge hivyo hupewa baada ya chakula, na mbwa akimeza kidonge kikavu kinaweza kumuunguza koo, kwa hiyo maji yafuate. Tulimpa maini kidogo, mayai ya kuchemsha, na ugali laini wenye supu. Mama mkwe alikuwa ameshaipika supu ya mifupa kwa upendo wote, na kitunguu ndani. Nilimweleza kwamba kitunguu hupasua chembe nyekundu za mbwa, hata kikiwa kimepikwa. "Mwanangu, supu bila kitunguu ni maji ya moto," akasema, lakini akainjika sufuria nyingine. Jambo hili linastahili kujulikana kila nyumba yenye mbwa, sembuse yenye mbwa aliyeishiwa damu. Vilevile dawa zetu za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zinamtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Kama anaumwa, dawa ya maumivu itoke kwa daktari wake.

Sasa malalamiko. Bili ilikuja kama namba moja tu chini ya karatasi, bila mchanganuo, na ilikuwa kubwa. Niliomba nione kipimo kimegharimu kiasi gani, damu kiasi gani, dawa kiasi gani. Niliandikiwa, lakini baada ya kuomba. Majibu ya maabara nayo nilipewa kwa mdomo, na nikaomba yaandikwe, kwa sababu daktari wa pili akihitajika kesho hawezi kusoma kumbukumbu yangu. Simu ya usiku iliita muda mrefu bila kupokelewa, tukamwamsha mlinzi ndipo mlango ukafunguliwa. Lililonikera zaidi ni benchi la kusubiria. Alikuwepo kijana na kitoto cha mbwa kinachoharisha damu, dalili ya wazi ya parvo, pembeni ya mama aliyepakata kitoto kingine kilicholetwa kuanza chanjo. Virusi vya parvo hukaa sakafuni kwa miezi, sabuni ya kawaida haiviui. Jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa maji sehemu 30 inaviua, lakini sakafu lazima iwe imeoshwa kwanza. Nilimwambia daktari, akakubali na kuwahamishia wenye parvo mlango wa nyuma. Niliporudi kwa sindano ya pili niliona utaratibu huo unafuatwa, na hilo limeniongezea imani nao.

Kuhusu kidonge cha kupe. Miaka yote tulikuwa tukimwogesha Chui kwa amitrazi ya duka la pembejeo. Ni dawa inayofanya kazi, lakini inataka nidhamu: ichanganywe kwa kipimo cha mbwa na si cha ng'ombe, mbwa asijirambe mpaka akauke, na irudiwe kwa wakati. Msimu wa mvua inakuwa kazi isiyoisha. Sasa anatafuna Bravecto, yenye fluralana, kidonge kimoja kinachomlinda dhidi ya kupe kwa wiki 12 hivi. Kipo pia NexGard cha kila mwezi. Anakipokea kama kipande cha nyama, na tangu aanze sijaona kupe aliyeshiba mwilini mwake. Nakuta waliokufa, wakavu, na kupe mkavu ndiye kupe ninayemtaka.

Bei yake inauma siku unayoinunua. Lakini niliilinganisha na gharama ya mfuko wa damu, nikaacha kulalamika. Yapo mambo mawili usiyoambiwa dukani. Kwanza, mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba kundi hili la dawa linaweza kusababisha kutetemeka au degedege kwa baadhi ya mbwa, kwa hiyo mwenye mbwa wa kifafa aongee na daktari kabla. Pili, kupe lazima amuume mbwa ndipo afe. Babesia kwa kawaida huhitaji kupe ang'ang'anie siku mbili hivi kabla ya kuambukiza, hivyo kidonge kinamwahi. Ehrlichia inaweza kupita ndani ya saa chache tu. Kwa maana hiyo kidonge hakikuondolei kazi ya banda.

Na banda ndiko kupe waliko. Kupe kahawia wa mbwa anapenda nyufa za ukuta, chini ya mbao, nyuma ya fremu za milango, na jike hutaga maelfu ya mayai huko. Tuliziba nyufa kwa saruji, tukachoma matandiko ya zamani, tukapulizia dawa ukutani mpaka juu, kwa kuwa kupe hawa hupanda. Nyumba yenye paka iwe makini: dawa nyingi za kupulizia zina permethrini, na permethrini ni sumu kwa paka.

Anayetafuta kliniki aulize mambo haya kwa simu kabla mbwa hajaugua: kama daktari amesajiliwa na Baraza la Veterinari, kama wana hadubini na mtu wa kuitumia, na nani anapokea simu usiku. Kwa matatizo makubwa yanayoshinda kliniki za mtaani ipo hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, kilomita kama 190 kutoka Dar, ila hiyo ni ya mgonjwa anayeweza kustahimili safari.

Chui alipimwa tena baada ya kumaliza doksisaiklini na PCV yake imerudi ndani ya kiwango. Anabweka getini kama zamani. Kitu kimoja hawezi kukifanya tena ni kuchangia damu, kwa sababu mbwa aliyepona Babesia anaweza kubaki na vimelea vichache mwilini bila dalili. Nilimwomba dada yangu wa Kigamboni, ambaye mbwa wake hajawahi kuugua homa ya kupe, ampeleke akapimwe kwa ajili hiyo. Wanataka mbwa mpole, mwenye zaidi ya kilo 25, umri kati ya mwaka mmoja na minane, mwenye chanjo zote. Amekubaliwa, na jina lake sasa lipo kwenye daftari la wachangiaji la kliniki. Daftari lenyewe bado ni fupi mno. Kama mbwa wako ana sifa hizo, ulizia kliniki yako.